Mazishi Hayachelewi: Mwongozo wa Kumaliza Ulichokianza

Toka Nakuru mjini uelekee Njoro, au panda upande wa Bahati, uhesabu nyumba zilizoishia kwenye lenta. Nyasi zimeota sebuleni, vyuma vya nguzo vimeshika kutu, na kuku wa jirani wanataga kwenye chumba kilichokusudiwa watoto. Wenye nyumba hizo si wavivu, na wengi wao si maskini. Ukiwauliza watakwambia pesa iliisha. Basi mtu huyohuyo, mfuko ukiwa mtupu vilevile, akifiwa Jumamosi ya leo, Ijumaa ijayo watu mia nne watakuwa wamekula, wamegawiwa programu ya rangi, wamezika na kushika njia zao. Hakuna hema lililosahaulika. Mtu wa spika alifika saa moja asubuhi.

Nimekaa kwenye kamati za mazishi nyingi kuliko ninavyopenda, mara nyingi kama mwandishi, kwa sababu hati yangu inasomeka. Ajabu yake sikuiona hadi mwaka nilipojaribu kujenga nyumba ya vyumba viwili. Mwongozo huu ni wako wewe uliye na kazi yenye mwanzo na mwisho: mjengo, shamba la msimu, harusi, tangi la maji la chama. Maofisini jambo hili huitwa usimamizi wa miradi, na lina kozi na vyeti vyake. Sina ugomvi navyo. Ila mengi yanayofundishwa huko umeshayafanya, ukiwa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba yenye msiba.

Hebu tukae kwenye kikao kimoja. Ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Mwenyekiti hakuchaguliwa kwa cheo. Alichaguliwa kwa kuwa haoni haya kuulizia jambo mara ya pili. Daftari la kaunta liko wazi, na kila kitu kina mstari wake: jeneza, gari, mochari, kibali cha mazishi, mahema na viti, kaburi, chakula, programu, tangazo. Mbele ya kila mstari kuna jina la mtu mmoja. Hakuna palipoandikwa “vijana” wala “akina mama wa kanisa”, kwa sababu vijana hawana simu ya kupigiwa.

“Jeneza?” anauliza mwenyekiti.

“Nimelipa nusu, risiti hii hapa,” anajibu mjomba.

“Gari?” Kimya. “Shemeji, gari?”

“Nilimpigia mwenyewe, akasema atanijulisha.”

Mwenyekiti haulizi kwa nini. Anauliza, “Akikosa?” Shemeji anasema yuko mwingine kule Lanet. “Basi mpigie sasa hivi, tukiwa hapa.” Shemeji anasimama, anasogea kando ya mti, anaongea, anarudi akitikisa kichwa kwa kukubali. Mstari unapata tiki. Dakika arobaini, sala, watu wanatawanyika.

Jifunze maswali mawili ya mwenyekiti yule, maana hakuna programu ya kompyuta inayoyazidi: la kwanza ni jina la kitu, la pili ni “Akikosa?” Lakini kinachoisukuma kamati nzima ni kitu kingine, nacho ni mochari. Kila usiku bili inapanda, na kila jioni mweka hazina anaisoma kwa sauti mbele ya watu watakaoichangia. Kuchelewa kumewekewa bei, na bei hiyo inamwasha kila aliyeketi pale.

Nyumba yako ya Bahati haina mochari. Ikikaa miezi sita bila paa hakuna anayekuletea ankara. Gharama ipo, ila imefichika: kodi unayoendelea kumlipa mwenye nyumba, simiti iliyoganda stoo, mbao zilizopinda, fundi aliyezijua hesabu za nyumba yako akahamia Eldoret. Kwa hiyo, kabla hujaandika chochote kingine, andika ukurasa wa kwanza wa daftari lako bili ya kuchelewa. Tuseme unalipa kodi ya Sh12,000 kwa mwezi. Gawanya kwa thelathini upate Sh400. Hiyo ndiyo mochari yako, kila siku ya Mungu. Ukiahirisha kumwona fundi Jumamosi hii hadi ijayo, umetoa Sh2,800. Isome kwa sauti mbele ya mwenzi wako. Nimeona ndoa zikitikisika kwa jambo hili, lakini nimeona na mapaa yakipanda.

(Harusi nayo haina mochari, ndiyo maana kamati zake hukaa miezi minne na keki huendelea kuongezwa ghorofa.)

Anza mwisho, urudi nyuma

Kwenye msiba, siku ya kuzika hupangwa kwanza, kisha kila kitu kinajipanga nyuma yake. Sisi tukijenga hufanya kinyume: tunaanza leo, tuone tutafika wapi.

Mwalimu mzuri wa kuhesabu kurudi nyuma yuko Naivasha, kwenye waridi. Tarehe 14 Februari haisogei. Mkulima haulizi aanze lini. Anauliza ua liwe dukani Ulaya lini, halafu anarudi hatua kwa hatua: siku za mnadani Uholanzi, ndege ya Nairobi, lori la baridi linalopanda ukingo wa Bonde la Ufa, chumba cha kupangia, mkasi. Kabla ya mkasi kuna wiki kama nane, zaidi kukiwa na baridi, ambazo kichipukizi kinahitaji ili kiwe ua. Anayetaka kuuza Februari hukata matawi yake mapema Desemba, wengine wakingoja Jamhuri na Krismasi. Akichelewa wiki mbili, kuongeza vibarua hakumsaidii. Ua halijui ovataimu.

Kwenye kila kazi kuna hatua za aina hiyo ambazo watu na pesa haviziharakishi. Zege linataka kumwagiliwa maji angalau siku saba, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Kibali kinataka saini ya mtu aliye likizo. Zitafute kwanza, uzipe siku zake kamili, kisha ubanie penginepo.

Mahindi yanafundisha la pili, na hapa ningependa ukae kidogo. Huku Njoro, Molo na Kuresoi, mbegu za nyanda za juu kama H614 hukaa shambani miezi sita hadi minane au zaidi. Mvua kuu hufungua kati ya Machi na Aprili. Anayepanda mvua ikianza na anayepanda wiki tatu baadaye wamenunua mbegu ileile, wametia mbolea ileile, lakini hawatavuna sawa. Na aliyechelewa mara nyingi hakuchelewa kupanda. Alichelewa kutafuta trekta. Januari trekta ilikuwa imelala chini ya mti, mwenyewe akipunguza bei. Mvua ya kwanza iliponyesha, kijiji kizima kikaitaka siku moja.

Ukiangalia orodha yako, basi, usikimbilie kitu kikubwa wala cha bei ghali. Uliza: ni kitu gani ambacho siku ya haja kila mtu atakitaka? Trekta mwezi wa tatu. Mahema Desemba. Fundi wa paa wiki ya kwanza ya mawingu. Mbolea ya ruzuku pia: mwaka 2023 bei ya gunia la kilo 50 ilishushwa hadi Sh2,500, lakini aliyengoja kujisajili mpaka radi ilie hupata foleni. Vitu hivyo vishike mapema na uvilipie arabuni, hata kama zamu yake iko mbali. Misumari utaipata hata saa kumi na mbili jioni.

Pesa nayo ina masika na kiangazi chake. Januari ni karo. Shule zikifungua muhula wa pili na wa tatu ni karo tena. Mkulima hupata baada ya mavuno, mwalimu mwisho wa mwezi, mwenye duka Desemba. Chora miezi kumi na miwili kwenye ukurasa mmoja, utie alama palipo pesa na palipo mvua. Nimeshaona ratiba nzuri, zilizochapwa kwa kompyuta, zikipanga kumwaga sakafu Januari. Aliyeziandika hana mtoto wa sekondari.

Nilivyozoa udongo wangu mara mbili

Sasa aibu yangu. Nilikuwa na orodha safi ya mjengo, kila kitu na bei yake. Februari mchanga ulikuwa rahisi, nikanunua mchanga. Mawe yakashuka bei, nikanunua mawe. Mwisho wa Machi, nikiwa na vifaa vyote kwenye ploti na furaha tele, nikawaita vijana wachimbe msingi.

Udongo wetu wa Nakuru unautambua: majivu ya volkano, mepesi, yanayoingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Wanaosema jina la mji linatokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi hawakutania. Kiangazi mtaro uliochimbwa humo husimama wima kama umekatwa kwa kisu. Ukilowa, unakuwa uji. Ilinyesha usiku mmoja, na asubuhi ukuta wa upande wa mashariki ulikuwa umelala chini. Vibarua watatu, siku tatu, walizoa udongo uleule niliokuwa nimelipia kuchimbwa. Wiki iliyofuata lori la kokoto lilikwama mita mia mbili kutoka kwenye ploti. Dereva alishuka, akalitazama tope, akaitazama saa yake, akamwaga mzigo kando ya barabara. Tulisukuma toroli hadi Jumapili, na kila kifungua kinywa nilikilipia mimi.

Kosa langu halikuwa mvua, maana mvua ya Aprili si habari. Orodha yangu ilikuwa imepangwa kwa bei, badala ya kupangwa kwa kinachotangulia. Mchanga wa bei nafuu ulinipa kiburi cha kuona kazi imeanza, hali kitu kilichotakiwa kuanza ni njia ya lori na msingi, vyote viwili ndani ya kiangazi.

Tangu hapo nafanya hivi, nawe ujaribu. Kata boksi la unga vipande, andika kazi moja kwa kila kipande, uvimwage sakafuni. Chukua kimoja ujiulize: hiki hakiwezi kuanza mpaka kipi kiishe? Kiweke mbele yake. Endelea. Baada ya nusu saa utaona mstari mmoja mrefu na vijistari vifupi kando. Ule mrefu ndio unaoamua utahamia lini. Siku ikipotea hapo, imepotea. Kwenye vifupi unaweza kupumua. Fanya na watoto wakiwepo. Binti yangu wa darasa la tano ndiye aliyeuliza maji ya kuchanganyia simiti yatatoka wapi, jambo ambalo mimi na fundi hatukuwa tumeliandikia kipande.

Usiulize amefika wapi, uliza anaona nini

“Niko njiani” ni jibu pana. Linaanzia kitandani na kuishia mlangoni kwako. Fundi akitoka Nairobi, muulize anaona nini. Akisema moshi wa nyama choma, yuko Kikopey, na huenda amekaa. Akiona Free Area, chemsha chai.

Kazi iulize vivyo hivyo. “Imebaki kidogo” na “ni kama imekwisha” ni binamu wa “niko njiani”. Unachohitaji ni kitu cha kuonekana kwa macho, mlichokubaliana kabla ya jembe kugusa ardhi. Wakulima wa huku wanacho tayari. Mahindi yakianikwa, kila mpita njia hutia punje mdomoni, akaing'ata, akatoa hukumu yake: yamekauka, bado, kesho. Hukumu hizo ndizo huzaa ukungu na sumukuvu. Mwenye busara huchukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, akaijaza mahindi theluthi moja, akatia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, akafunga kifuniko na kuitikisa dakika moja. Anaiacha itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yana maji. Isiposhika, yameshuka chini ya asilimia 15 hivi, na yamebaki kuota jua kidogo yafikie 13.5 inayotakiwa kwenye maghala ya bodi ya nafaka, NCPB. Hakuna aliyebishana na chupa.

Tafuta chupa ya chumvi ya kila mstari wa daftari lako. Tangi la chama halijakamilika fundi anapokusanya vifaa. Limekamilika likijazwa, likachorwa alama ya chaki kwenye usawa wa maji, likakaa siku saba na alama isiachwe juu. Paa limekamilika baada ya mvua moja nzito. Mlango umekamilika mtoto akiufunga kwa kidole. Kisha ufunge pesa kwenye chupa hizo. Usimlipe fundi kwa siku, maana siku hupita zenyewe. Mlipe kwa hatua, na sehemu ya mwisho iliyo ya maana, ya kumfanya arudi, ingoje chaki. Fundi mzuri hatachukia. Atakayechukia amekusaidia kumjua mapema.

Na nyongeza? Stejini kondakta hutaja nauli kabla hujaweka mguu ndani. Ukisema “fundi, tukiwa hapohapo, tuongeze dirisha,” simama. Bei ngapi, siku ngapi, kipi kitasogea? Yaandikwe kwanza, ndipo jiwe litolewe. Kwenye mjengo, “tukiwa hapohapo” ni maneno mawili yenye gharama kubwa kuliko mabati.

Ikikwama leo, una nini mkononi?

Swali hili ni kubwa kuliko ploti yako. Bwawa la Itare, kule Kuresoi, lilianza kujengwa 2017 ili lipeleke maji Molo, Njoro, Rongai na Nakuru. Mwaka 2018 kazi ikasimama, mkandarasi wake kutoka Italia alipolemewa na madeni. Bwawa nusu halihifadhi nusu ya maji. Ukuta, handaki na mabomba, vyote vilitakiwa viishe ndipo mtu ajaze hata mtungi mmoja.

Kilomita chache kusini mwa Ziwa Naivasha, wahandisi wa umeme wa mvuke kule Olkaria walikuwa na bahati ya kazi inayogawanyika, nao wakaigawa. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, uliwashwa 1981. Wa pili ukafuata 1982, wa tatu 1985, jumla megawati 45. Kama fedha zingekauka 1983, mitambo miwili ingekuwa tayari inauza umeme. Miaka mingi baadaye kampuni ya umeme ya KenGen ilifunga hata mitambo midogo juu ya visima vyenyewe, ili mvuke usikae bure ukingoja kituo kikubwa.

Si kila kazi inagawanyika, na bwawa ni bwawa. Lakini yako huenda inagawanyika, hujaitazama tu. Chama chenye ndoto ya tangi la lita 50,000 kinaweza kuanza na mfereji wa mabati na tangi la lita 5,000 kwenye paa la kanisa, watu wakachota mvua ya msimu huu wakichangia tangi kubwa la mwakani. Nyumba ya vyumba vinne ikichorwa vizuri, vyumba viwili vya nyuma vinaweza kuezekwa na kuhamiwa, ile Sh400 ya kila siku ikawa simiti. Ninapochora sasa naweka mstari mwekundu kwenye ramani: hapa tukikwama, tunalala.

Kuhusu watu nitasema kidogo. Grupu la WhatsApp la watu mia mbili na hamsini si kamati, na emoji ya viganja vya sala si ahadi ya kuleta viti. Kamati ni watu watano hadi saba wanaoweza kuonana uso kwa uso. Pesa ipitie laini moja, na aliyeishika simu hiyo asiwe ndiye anayeidhinisha matumizi. Ujumbe wa M-Pesa ni risiti. Utume kwa wengine wawili papo hapo, kabla maneno hayajaanza. Mtu akishindwa na mstari wake, mwondolee mapema bila hotuba. Kwenye msiba hakuna anayepewa nafasi ya tatu ya kutafuta gari.

Liko jambo moja ambalo kamati za mazishi hufanya na wajenzi karibu wote huliruka. Wiki moja baada ya kuzika, hukutana tena. Mara ya mwisho nilipokuwa mwandishi tulikutana Jumatano, watu sita, chai ya rangi. Mweka hazina alisoma yaliyoingia na yaliyotoka. Mtu wa mahema alikuwa anadai Sh1,500, akalipwa tukimwona. Sufuria mbili zilikuwa hazijarudi kwa mwenyewe. Mtu akatajwa, siku ikatajwa. Niliandika kwenye ukurasa wa nyuma kwamba maharagwe yalizidi na maji yalipungua, kwa sababu daftari lile litafunguliwa tena katika nyumba nyingine. Zikabaki Sh640, tukabishana kidogo, zikawa sukari ya mama mwenye nyumba. Mwenyekiti akasema kamati imevunjwa. Ilikuwa saa mbili na robo, na vijana walikuwa wakipanga viti kumikumi kando ya ukuta, pikipiki ya mwenye viti ikisikika inapanda kutoka barabarani.